Gundi Inayoshika Eropleni

Je, eropleni yaweza kuungwa kwa gundi? Yaweza, na huko Marekani wako watu wengi wanaoziunda nyumbani kwao, gereji ikiwa ndiyo karakana. Mwaka 1975 Bwana Burt Rutan wa Mojave, California, alirusha eropleni ndogo iitwayo VariEze. Mbawa zake ni povu gumu lililovikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, kilicholoweshwa gundi. Mwaka uliofuata michoro yake ikaanza kuuzwa.

Sasa tuitazame gundi yenyewe. Mgeni wa kazi hii angechagua poliesta, maana ni rahisi, tena ndiyo itumikayo sana katika mashua. Lakini ndani yake mna stairini, nayo huyeyusha povu la mbawa. Povu hilo ni jamaa ya lile jeupe linalokinga redio mpya katika boksi lake. Petroli nayo hulila vilevile, hata matangi hujengwa kwa povu la namna nyingine.

Kwa hiyo hutumika epoksi. Hii hailili povu, hainywei sana inapokauka, tena hushika vema juu ya faibaglasi iliyokwisha kuwa ngumu. Hapo ndipo penye kazi kubwa, kwa kuwa vipande viwili vilivyokauka haviingiani. Hushikana juu juu tu. Hupigwa msasa hata mng'aro wote uishe, vumbi likapanguswa, na mtu asipaguse tena kwa vidole, maana vina mafuta. Kisha epoksi huchanganywa na nyuzi fupi za pamba mpaka iwe nzito kama ugali mwororo, ipate kujaza pembe. Ziko pia chembe za kioo zenye uwazi ndani, nyepesi mno, zifaazo kujaza mabonde na kusawazisha uso. Kuzitia katika kiungo kinachobeba uzito, kwa maoni yangu, ni kuuza bawa kwa ajili ya kupunguza ratili moja.

Wenye haraka hushindwa na kipimo. Epoksi ni vitu viwili, na kila sehemu ya kimoja yataka mwenzake. Ukizidisha dawa ya kugandisha ili ikauke upesi, ziada hubaki bila mwenzi, na gundi huwa dhaifu. Hupimwa kwa mizani, si kwa macho. Ile ya dakika tano ni ya kushikiza kwa muda tu.

Chuma kikiliwa huonyesha kutu, bali kiungo kibaya cha gundi chaweza kupendeza kabisa mpaka siku kitakapoachia angani. Ndiyo maana fundi mwangalifu huacha masalio katika kikombe, akaandika tarehe, na kesho yake huyajaribu ugumu wake.

Liko na jua pia. Epoksi isiyookwa katika tanuri hulegea joto likizidi, na rangi nyeusi hunywa joto la jua. Kwa hiyo eropleni za namna hii, nyingi utaziona ni nyeupe.