Ahadi ni Deni: Funzo la Askari wa Accra

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Msemo huu hutajwa sana mikutanoni, lakini ni nadra kukumbukwa ofisini. Leo tunapenda kuwakumbusha ndugu wananchi wa visiwa hivi, na hasa ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana ya kuutumikia umma, kisa cha askari wa zamani wa Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana.

Katika Vita Kuu ya Pili, wakoloni wa Kiingereza waliandikisha jeshini watu wapatao 65,000 kutoka koloni hilo. Wengi walipelekwa Burma kupigana na Wajapani, kama walivyopelekwa ndugu zetu wa Keya kutoka Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha, walirejea makwao wakitumaini ajira, kiinua mgongo na pensheni. Walikuta bei za bidhaa zimepanda, kazi ni haba, na fedha walizopewa hazikidhi haja. Kweli, asante ya punda ni mateke.

Chama cha askari wa zamani halikuwa jambo geni. Mwezi Mei 1921, huko Uingereza, vyama vinne vya askari waliotoka katika Vita Kuu ya Kwanza viliungana kuwa British Legion, yenye matawi yake na mfuko wa kuwasaidia vilema, wajane na mayatima. Mfano huo ulifuatwa katika makoloni, na Gold Coast nayo ikawa na Legion iliyolelewa na serikali. Lakini askari wengi waliona kwamba chombo kile kilikuwa karibu mno na watawala, na hakikuwa sauti yao. Wakaanzisha Umoja wao wenyewe.

Jumamosi, tarehe 28 Februari 1948, askari hao wapatao 2,000 waliandamana mjini Accra bila silaha, wakiwa na waraka wa malalamiko yao. Walipoiacha njia waliyoruhusiwa na kuelekea Ngome ya Christiansborg, makao ya Gavana, polisi waliwazuia njia panda. Ofisa wa Kiingereza, Colin Imray, alitwaa bunduki akapiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Private Odartey Lamptey waliuawa. Waliokoka vitani ugenini, wakafa mbele ya dola waliyoitumikia.

Ghasia zilizuka, maduka yakachomwa moto, na Kwame Nkrumah na wenzake watano wakakamatwa. Mwaka huo huo Tume ya Watson ilipendekeza katiba mpya. Miaka tisa baadaye, tarehe 6 Machi 1957, bendera ya mkoloni iliteremshwa. Kila tarehe 28 Februari Ghana huwawekea mashujaa hao mashada ya maua, na mwaka 2012 ilitunga sheria iliyounda idara ya kushughulikia maslahi ya askari wa zamani.

Tunajifunza nini? Kwanza, waraka usiojibiwa haufi. Hulala katika jalada, ukaamka barabarani. Mkoloni alikuwa na miaka mitatu ya kusikiliza, naye hakusikiliza.

Pili, na hili sisi makada hatuna budi kulikiri, chama kinachowapendeza wakubwa kuliko wanachama wake hakimsaidii mtu, hata serikali yenyewe. Serikali inahitaji chombo kitakachoiambia ukweli mapema, kabla subira haijakwisha.

Tatu, chama cha askari wa zamani hakipimwi kwa gwaride la Siku ya Mashujaa. Hupimwa kwa daftari lake: nani yu hai, nani mgonjwa, mjane gani hajapata haki yake. Hupimwa kwa viongozi waliochaguliwa na wenzao, na kwa hesabu zinazosomwa hadharani.

Wapo miongoni mwetu wazee waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Huwaona barazani, wakiwa kimya. Mwananchi amtembeleaye ametenda wema. Mtumishi wa umma anayeijibu barua yake hatendi wema, analipa deni. Na deni hili, ndugu zetu, mwenye kulidai hana umri wa kungoja.