Kutengeneza Mchezo wa Bao katika Kompyuta
Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wazazi wengi wakisikia habari za michezo ya kompyuta husema ni kupoteza wakati. Sibishani nao juu ya kuicheza. Lakini kuitengeneza ni kazi nyingine kabisa, nayo yafaa ielezwe.

Kompyuta hazifanani. Mwanafunzi wa Mbeya huenda anatumia yenye Windows, na mwenzake wa Iringa yenye Linux. Kila mfumo una njia yake ya kufungua dirisha, kuchora picha, kutoa sauti na kupokea amri za kipanya. Mchezo ulioandikwa kwa njia za Windows peke yake hautakubali kwa mwenzake.

Hapo ndipo tunapohitaji maktaba ya programu. Hii si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyo wa amri zilizokwisha andikwa, ambazo mtu huziita katika programu yake. Mojawapo ni SDL, iliyoanzishwa na Bwana Sam Lantinga mwaka 1998, nayo hutolewa bure. Kazi yake ni kama ya mkalimani: wewe wasema mara moja, naye husema na kila mfumo kwa lugha yake. Maandishi huwa yale yale, ila hupitishwa upya katika kompaila ya kila mfumo.

Mchezo wenyewe huenda kwa mzunguko wa hatua tatu. Kwanza, kuuliza mchezaji amefanya nini. Pili, kubadili hali ya mchezo kwa kufuata sheria. Tatu, kuchora picha mpya. Mzunguko huo waweza kurudiwa mara 60 kila sekunde, hata jicho likaona kete zinatembea.

SDL hutusaidia katika hatua ya kwanza na ya tatu. Ya pili haiijui hata kidogo. Haijui nyumba wala kichwa, haijui kunamua wala kutakata. Hiyo ni juu yako.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Katika programu, mashimo hayo ni orodha ya tarakimu 32. Mwanzoni kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, yaani jumla ya wote wawili ni 64. Basi kila zamu ikiisha, iamuru programu izihesabu zote. Ikipata 63, jua kwamba umekosea mahali katika kuzigawa. Usiendelee mpaka umepaona.

Lakini hesabu ikitimia, bado sheria zaweza kuwa si sawa. Kwa hiyo, likizo ijayo, mwendee mzee anayelijua bao akufundishe kwanza, ndipo uandike. Ukimaliza, mpe aucheze. Akiona kete imekwenda isikopaswa, atakwambia papo hapo, na hilo hakuna maktaba ya programu iwezayo kukufanyia.