Hedhi Ikipotea, Usikimbilie Kusema "Tasa"



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo akina mama wengi hulilia usiku na mchana hawalisemi, yaani kukaa katika ndoa miaka bila kupata mtoto. Napenda nianze na kisa kimoja, maana ndani yake mna somo letu lote.

Mwezi wa nane mwaka 2021 mama mmoja kijana kutoka Ilagala, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuja hospitalini kwetu. Alikuwa na umri wa miaka 26, na miaka minne ya ndoa. Alijifunika khanga hadi kidevuni, ingawa joto lilikuwa kali.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba dawa ya kusafisha kizazi. Nimeambiwa nina chango."

Nilimwuliza, "Siku zako umeziona lini mara ya mwisho?" Alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Ilikuwa Juma Kuu." Na kabla ya hapo? "Krismasi."

Ndugu msomaji, katika miaka ile minne mama huyu alikuwa amekunywa mizizi ya waganga watatu, na mbuzi wawili walikuwa wameuzwa kwa ajili ya dawa hizo. Mama mkwe alikwisha sema kwamba mwanawe atafutiwe mke mwingine. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwuliza swali lile dogo: siku zako umeziona lini?

TATIZO LENYEWE NI NINI?

Sisi watu wa Kigoma tunaujua mchikichi. Mkungu wake ukikomaa, chikichi huiva, huanguka, nasi tunapata mawese. Mkungu ukidumaa mtini, chikichi zipo nyingi lakini mafuta hakuna. Mti haukufa, ila matunda yake hayakuiva.

Ndivyo ilivyo kwa mayai ya mwanamke. Kila mwezi vijifuko kadhaa vya mayai huanza kukua ndani ya ovari. Kwa kawaida kimoja huwatangulia wenzake, yai lake hupevuka na kutoka, na kama halikukutana na mbegu ya mume, baada ya majuma mawili hivi hedhi hufika. Kwa baadhi ya wanawake vijifuko huanza vingi, kisha vyote husimama njiani. Yai halitoki, na hedhi huchelewa au hupotea. Hali hii hospitalini huandikwa kwa herufi PCOS, maana yake ovari zenye vijifuko vingi.

Vijifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa, wala si saratani. Ni mayai yaliyodumaa. Wala hakuna dawa ya "kusafisha" inayoweza kuyatoa.

Chanzo chake hasa ni mvurugano wa homoni. Kwa wengi, mwili hauisikii vizuri insulini, ile homoni inayoratibu sukari. Basi mwili hutengeneza insulini nyingi zaidi, nayo huzichochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Mara nyingi hali hii hufuata ukoo: mama, dada au shangazi huwa nayo.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1935 madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani, waliandika habari za wanawake saba wenye dalili hizo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wana hali hii, na kwamba hadi 70 katika kila 100 ya hao wenye ugonjwa hawajui kuwa wanao.

DALILI ZA KUANGALIA

Daktari hutafuta mambo matatu. Kwa mwanamke mtu mzima, mawili yakionekana, na magonjwa mengine yakiwa yameondolewa kwa vipimo, ndipo husema kuwa ni PCOS:

1. Hedhi isiyo na mpango. Kwa mtu mzima, mzunguko unaozidi siku 35, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka, si wa kupuuzwa.

2. Dalili za homoni za kiume: ndevu kidevuni, nywele nyingi kifuani au tumboni, chunusi kali, au nywele za utosini kupungua. Kipimo cha damu nacho huweza kuonyesha.

3. Picha ya altrasaundi inayoonyesha vijifuko vingi katika ovari. Siku hizi kipo pia kipimo cha damu kinachoweza kutumika mahali pa picha.

Angalia vema: picha peke yake haitoshi. Wapo wanawake wenye vijifuko vingi ambao hupata hedhi kila mwezi na huzaa bila shida. Tena usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wanene tu. Wembamba nao huupata.

Yule mama wa Ilagala alipoondoa khanga, niliona sababu ya kujifunika. Alikuwa na ndevu chache alizozing'oa kwa mkono kila asubuhi kabla mumewe hajaamka. Alizihesabu kuwa laana. Nilimweleza kuwa ni homoni.

SI KILA KUCHELEWA NI UGONJWA HUU

Hedhi ikipotea, jambo la kwanza ni kupima mimba. Kunyonyesha, sindano ya kupanga uzazi, ugonjwa wa tezi ya shingo, njaa na huzuni kubwa huweza pia kusimamisha hedhi. Na yuko mwanamke anayepata hedhi yake kila mwezi lakini mirija yake imeziba kwa sababu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa. Huyo dawa ya kupevusha yai haitamfaa. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani kwa kuwa yeye vilimsaidia.

Mume naye apimwe. Nasema hivi kwa mkazo, maana akina baba wengi humleta mke mlangoni na wao hubaki nje. Kupima mbegu za mume ni kazi ndogo, haina kisu wala sindano. Mke huweza kutibiwa miaka miwili, kumbe tatizo, au nusu yake, liko kwa mume.

Lipo jambo lingine la huku kwetu ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na wakati wa mbalamwezi hupumzika. Wengine huhamia kambini, na hurudi nyumbani mbalamwezi tu. Sasa kama yai la mke hutoka mara chache, tena bila tarehe, na mume yuko nyumbani siku chache, watakutana lini? Kwa hao nashauri wakae pamoja kwa muda wa kutosha, na wakutane kila baada ya siku mbili au tatu, bila kutegemea hesabu ya "siku ya kumi na nne". Hesabu hiyo ni ya wenye mzunguko wa siku 28.

TIBA IPO

Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake huweza kurudisha hedhi. Mama yetu alikuwa na kilo 80, yaani alitakiwa kupunguza kilo 4 hadi 8. Hatukumwambia afe njaa. Tulimwambia apunguze bonge la ugali wa muhogo, aongeze sombe, maharage, dagaa na migebuka, mawese yawe kijiko na si upawa, aache soda na sukari nyingi katika chai. Tena atembee kwa miguu kila siku, nusu saa na zaidi.

Dawa anayoanza nayo daktari siku hizi kwa ajili ya kupevusha yai ni letrozoli. Humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Klomifeni ni ya zamani zaidi na bado hutumika, na metformini huwafaa baadhi. Dawa hizi ni za kuandikiwa na daktari, si za kununua kwa kubahatisha, maana huweza kuleta mapacha au madhara mengine. Mwanamke anayetafuta mimba ameze pia foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kabla ya kushika mimba.

Vipimo vya kwanza huweza kuanzia kituo cha afya: mimba, uzito, shinikizo la damu, sukari, virusi vya UKIMWI na kaswende. Picha na daktari hupatikana katika hospitali kubwa kama ile ya mkoa, Maweni, na ikibidi, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza.

Usingoje mno. Wenye hedhi ya kawaida wajaribu mwaka mmoja, na mke aliyezidi miaka 35 angoje miezi sita tu. Mwenye hedhi iliyopotea asingoje hata hiyo. Hata asiyetafuta mtoto, akikaa miezi mitatu bila hedhi aende hospitali, maana utando wa mfuko wa uzazi ukizidi kunenepa miaka mingi, huweza kuleta saratani. Na mwenye PCOS akipata mimba aanze kliniki mapema, kwa kuwa kisukari na shinikizo la mimba humwelekea zaidi.

KANISA LINATUFUNDISHA NINI?

Wengine huogopa kwamba kutibiwa ni dhambi. Sivyo. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 inakataa kutunga mimba nje ya tendo la ndoa, maabarani, lakini haikatai tiba inayolisaidia tendo hilo lizae matunda. Vidonge vya homoni vinavyotolewa kutibu ugonjwa navyo havikatazwi. Papa Paulo wa Sita alilieleza hilo katika Humanae Vitae, mwaka 1968.

Na kwa akina baba, pamoja na mama wakwe: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke asiyezaa ni mke kamili. Kumrudisha kwao kwa sababu hiyo ni kuvunja ahadi uliyoitoa mbele ya altare.

Yule mama alirudi na mumewe safari ya pili, naye akapimwa, akawa mzima. Baada ya miezi minane mama alikuwa amepungua kilo sita, na hedhi ilikuwa inafika kila baada ya siku arobaini hivi. Daktari akamwandikia dawa. Mzunguko wa tatu alishika mimba, na mwaka 2023 alijifungua mtoto wa kike.

Sitaki kuwadanganya: si wote hupata. Mama mwingine niliyemhudumia alifuata kila agizo na hakushika mimba. Yeye na mumewe wanalea watoto wawili wa marehemu dada yake, na kila Jumapili nawaona wanne wameketi benchi moja kanisani. Nao ni familia.

Dada yangu, chukua kalenda ya ukutani leo, weka alama siku hedhi yako inapoanza, na ufanye hivyo kila mwezi. Utakapokuja hospitali, njoo na kalenda hiyo, na uje na mume wako.

Mungu awabariki nyote.