Uvira: Bwana yuko Marekani, dosiye bado inangojwa, nani amtembelee mwenzake?

Mtoto alikuwa na miezi 11 alipomwona baba yake kwa mara ya kwanza nje ya simu. Ilikuwa Desemba 2023, kwenye uwanja wa ndege wa Bujumbura. Alilia sana. Mama yake, mkaaji wa Uvira mwenye miaka 29, leo anasimulia akicheka: mtoto alizoea baba wa ndani ya kioo, huyu mwenye mikono na ndevu hakumjua.

Wazazi hawa walifunga ndoa Uvira mwezi wa tatu 2022. Bwana alikimbia vita vya Fizi akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na mwaka 2015 akapelekwa Marekani kama mkimbizi. Anaishi Louisville, jimbo la Kentucky, na tangu 2021 yeye ni raia wa Marekani. Baada ya harusi alirudi kazini na kutuma ombi la kumwita bibi yake, kwenye fomu inayoitwa I-130. Hapo kungoja kukaanza.

Dosiye kama hiyo hupitia mikono mitatu. Idara ya uhamiaji ya Marekani huangalia kama ndoa ni ya kweli. Kisha kituo cha viza kilichoko New Hampshire hukusanya hati na malipo. Mwishoni ubalozi wa Kinshasa humwita bibi kwa mahojiano. Bibi wa raia ana nafuu moja: hapangwi katika hesabu ya viza za kila mwaka, kama bibi wa mtu mwenye kadi ya kijani tu. Lakini nafuu hiyo haifanyi miezi iende mbio.

Ndiyo maana mwaka 2023 mama huyu alijiuliza swali ambalo wengi wanajiuliza: wakati nangoja, siwezi kwenda wiki tatu tu, nimwonyeshe mtoto wake, nirudi? Bwana akatuma pesa. Kutoka Uvira hakuna barabara ya kumfikisha mtu Kinshasa, basi akapanda ndege. Alilipa dola 185 za kuomba viza ya matembezi, pesa ambazo hazirudishwi hata ukikataliwa.

Fomu ya viza hiyo inauliza wazi: kuna mtu aliyekuombea uhamiaji? Komisionere mmoja aliyejidai kumsaidia kujaza alimshauri aandike hapana, tena aseme hajaolewa. Yeye akaandika ndiyo.

Mahojiano yalikuwa ya dakika chache. Akatoka na karatasi inayotaja kifungu 214(b). Kifungu hicho kinamhesabu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa mtu anayetaka kubaki, mpaka aonyeshe mwenyewe kwamba atarudi kwao. Sasa wewe una bwana huko, na ombi la kuhamia huko tayari limefunguliwa kwa jina lako. Utaonyesha nini? Wapo wanaopata, wenye kazi ya kudumu au mizigo mingine ya kuwarudisha nyumbani, lakini mlango ni mwembamba.

Msomaji asichanganye mambo mawili hapa. Kukataliwa huko hakuharibu dosiye ya ndoa. Inaendelea na safari yake. Kinachoweza kuiharibu ni ile hapana ya komisionere. Anayedanganya ili apate viza anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote, na kuomba msamaha ni safari nyingine ndefu. Komisionere yeye atakuwa ameisha kula pesa yake.

Basi bwana ndiye aliyekuja. Na hapa kuna kichekesho kidogo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchangamani na mwingine. Mtoto wa Fizi aliyechukua pasipoti ya Marekani lazima naye aombe viza ili aingie Uvira. Kwa harusi alilipa. Safari hii tiketi ilikuwa imemaliza akiba, akaishia Bujumbura. Bibi akavuka mpaka wa Kavimvira na mtoto mgongoni, mama mkwe akifuata na mfuko wa ndagala. Walipanga chumba Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya kila siku, wakakaa wiki tatu.

Kwa mabwana ambao bado wana hadhi ya ukimbizi, kukutana nchi ya tatu si suala la pesa tu. Kurudi Kongo, nchi uliyosema unaikimbia, kunaweza kukuletea maswali magumu huko Marekani.

Tiketi, mihuri ya pasipoti, risiti ya chumba, picha na mama mkwe: vyote vimewekwa kwenye bahasha kwa ajili ya mahojiano ya Kinshasa, kuonyesha kwamba ndoa hii si ya karatasi. Mtoto yeye huenda asihitaji hata viza. Baba aliyekuwa raia na aliyeishi Marekani miaka mitano kabla ya mtoto kuzaliwa, miwili kati yake akiwa amepita miaka 14, anaweza kumpa uraia tangu kuzaliwa, ila ni lazima wauthibitishe ubalozini.

Mama bado anangoja kuitwa. Jioni simu ikilia, mtoto anaitika baba, halafu anaigeuza simu na kuangalia nyuma yake.