Picha za droni kwenye mnada wa hisani: bei ianzie shilingi ngapi?

Jumapili baada ya ibada, kwenye makanisa mengi ya Kilimanjaro, mnada unaanza. Kuna mkungu wa ndizi, trei ya mayai, maparachichi na jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo ambaye sokoni ni elfu ishirini na tano anaweza kufika elfu themanini, na aliyemnunua anamrudisha anadiwe tena. Watu wanacheka, na mfuko wa ujenzi unapata hela.

Sasa weka mezani bahasha yenye karatasi iliyoandikwa: "Picha za droni, nusu siku, zimetolewa bure na mpiga picha." Mnadishaji anaita: "Tuanze na ngapi, wapendwa?" Kimya. Mzee mmoja anasema elfu thelathini, zaidi kwa huruma kuliko kwa kuitaka. Nyundo inagonga.

Huduma hiyo ingelipwa laki tatu na kitu kwa mteja wa kawaida. Tatizo liko wapi?

Jogoo ana bei inayojulikana, droni haina

Watu hutoa zaidi ya bei pale wanapoijua bei. Anayemnunua jogoo kwa elfu themanini anajua kabisa kwamba elfu hamsini na tano za juu ni sadaka yake, na kanisa zima linajua. Huo ndio utamu wa mnada.

Kwa picha za angani hali ni tofauti. Wengi ukumbini hawajawahi kumlipa mtu mwenye droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoiita. Hawajui kama elfu hamsini ni nyingi au ni dharau. Mtu asiyejua bei hupanda kwa woga, au hapandi kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupanga bei ni kuwapa watu kitu cha kulinganisha. Karatasi iliyo ndani ya bahasha iseme wazi mteja wa kawaida hulipa kiasi gani kwa kazi ileile. Iwe bei ambayo watu wamewahi kuilipa kweli. Bei ambayo mpiga picha anatamani siku moja kulipwa haifai hapa. Ukiandika "thamani milioni moja" kwa kazi ambayo wiki iliyopita uliifanya kwa laki tatu na nusu, kuna mtu ukumbini alikuwepo wiki iliyopita.

Bei tatu zinazochanganywa

Hapa ndipo kamati nyingi hupotea. Kuna bei ya soko, kuna gharama ya mtoaji, na kuna bei ya kuanzia mnada. Ni vitu vitatu tofauti.

Tuseme mpiga picha wa Moshi hutoza Sh350,000 kwa nusu siku: picha 20 zilizosafishwa na video ya dakika mbili. Hiyo ni bei ya soko.

Gharama yake ni zile hela zinazotoka mfukoni. Mafuta kwenda na kurudi tuseme Sh40,000, msaidizi wa kuangalia anga na watu waliopo chini Sh30,000, bando la kutuma mafaili makubwa pamoja na flashi Sh20,000. Jumla Sh90,000. Bado hajahesabu siku nzima ya kukaa kwenye kompyuta akihariri, wala uchakavu wa betri. Droni ndogo kama DJI Mini 2 hutangazwa na mtengenezaji kuwa hukaa hewani dakika 31, lakini muda huo hupimwa pasipo upepo, na hakuna rubani mwenye akili anayeirusha mpaka betri iishe. Nusu siku ya kazi inakula betri kadhaa.

Rudi sasa kwa mzee wa elfu thelathini. Mpiga picha atatumia Sh90,000 ili kituo cha afya kipate Sh30,000. Angechukua zile elfu tisini akaziweka kwenye kikapu, kituo kingepata mara tatu, naye angebaki nyumbani akapumzika. Sio kosa la mzee, maana hakuna aliyemwambia.

Kutokana na hapo kuna kanuni moja isiyotakiwa kuvunjwa: bei ya kuanzia isishuke chini ya gharama ya mtoaji. Juu ya hapo, waandaaji wengi wa minada ya hisani huanzia kati ya theluthi na nusu ya bei ya soko. Kwa mfano wetu ni kama Sh120,000 hadi Sh175,000. Ukianzia chini sana, watu wanadhani kitu hakina maana. Ukianzia kwenye bei kamili, unaua mchezo kabla haujaanza, kwa sababu raha ya mnada ni kuanza na nafuu kisha kuvutana.

Hatua za kupanda nazo zipangwe mapema. Kwa kitu kinachoanzia laki moja na nusu, kupanda kwa elfu kumi kumi au ishirini ishirini kunatosha. Kupanda kwa elfu moja moja kunachosha watu, na MC anapoteza ukumbi.

Tajiri mmoja hatoshi

Kamati hupenda kusema, "Tusijali, mheshimiwa fulani atakuwepo." Ila mnada haufanyi kazi hivyo. Bei hupandishwa na mtu wa pili. Kama mheshimiwa yuko tayari kutoa laki tano, lakini anayemfuata anaishia laki moja na sitini, mheshimiwa ataondoka na bahasha kwa laki moja na sabini.

Swali la maana, basi, ni watu wangapi ukumbini wanaoihitaji huduma hii. Kuku kila mtu anamla. Picha za angani zinamfaa mwenye hoteli, mwenye shule, anayeuza viwanja, mwenye shamba la kahawa, au familia yenye harusi mwezi ujao. Kama ukumbi hauna hata wawili wa namna hiyo, bei nzuri haitapatikana hata MC awe na maneno matamu kiasi gani.

Dawa yake mara nyingi ni kuigawa zawadi. Badala ya nusu siku kwa mtu mmoja, toa picha nne: kila mshindi anapata picha moja kubwa ya nyumba au shamba la familia ikipigwa kutoka juu, mlima ukionekana nyuma, ikiwa kwenye fremu. Hiyo kila mtu anaielewa. Mama aliyejenga kwa miaka kumi na miwili anaitaka ukutani. Kijana aliyeko Dar es Salaam anataka kumpelekea baba yake Krismasi.

Hesabu yake nayo inakaa vizuri. Kama nyumba zote nne ziko kata moja, mafuta na msaidizi ni vya asubuhi moja tu, Sh70,000 zilezile, yaani Sh17,500 kwa kila picha. Fremu inaweza kuombwa kwa mwenye duka la fremu kama mchango wake. Kila moja ikianza kwa elfu arobaini na kuishia elfu themanini, jumla ni Sh320,000. Kifurushi kimoja kikubwa kwenye ukumbi wa kawaida kingepata tabu kufika hapo.

Kutoa bure hakuondoi kibali

Hili wengi hulichukulia kirahisi. Kwamba kazi haina malipo hakumaanishi anga imekuwa ya bure.

Tanzania, ndege hizi husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na idhini ya upande wa Ulinzi nayo huhusika. Ndani ya hifadhi za taifa kuna ruhusa nyingine ya kuomba TANAPA, kwa hiyo mshindi anayeota picha za droni juu ya msitu wa Hifadhi ya Kilimanjaro aambiwe mapema kwamba haimo kwenye bahasha. Mji wa Moshi una uwanja wake wa ndege, Arusha una wake, na katikati yake kuna KIA. Nyumba iliyo karibu na viwanja hivyo inaweza isipigike kabisa.

Kenya, kanuni za ndege zisizo na rubani zilitoka mwaka 2020 chini ya KCAA, na kikomo cha kawaida cha kuruka ni futi 400 kutoka ardhini, kama mita 120.

Kwa Watanzania na Wakenya walioko Marekani, ambako chakula cha jioni cha kuchangia nyumbani mara nyingi huwa na mnada, kuna mtego zaidi. Droni ya chini ya gramu 250 haihitaji kusajiliwa huko kama inarushwa kwa kujifurahisha. Lakini mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, imeeleza kwamba hata kujitolea kwa ajili ya shirika la hisani si kujifurahisha. Anayerusha anatakiwa awe na cheti cha rubani wa droni, kile kinachojulikana kama Part 107, na droni isajiliwe hata ikiwa na gramu 249.

Kodi ya huko pia ina mshangao wake. Mpiga picha aliyetoa huduma ya dola 400 hawezi kukata dola 400 kwenye kodi yake, kwa sababu thamani ya muda na kazi haikubaliki kama mchango. Kinachoweza kukubalika ni hela halisi zilizomtoka, kama mafuta. Naye mshindi aliyelipa dola 600 kwa kitu cha dola 400 anahesabiwa kuwa ametoa mchango wa dola 200 tu. Ndiyo maana taasisi inayoandaa inatakiwa kumpa mshindi makadirio ya bei ya soko kwa maandishi malipo yakizidi dola 75. Aliyeandika thamani ya kubuni kwenye bahasha anamwingiza mshindi matatani, na kwa nia njema kabisa.

Karatasi ndogo inayookoa undugu

Ugomvi wa zawadi hizi huanza baada ya mnada. Mshindi alielewa "nusu siku" kuwa ni harusi kuanzia saluni mpaka ukumbini. Mpiga picha alimaanisha saa mbili za kuruka. Mshindi yuko Same, mpiga picha alifikiria Machame. Kila mmoja ana haki kwa alivyoelewa, na katikati yupo mwenyekiti wa kamati anayepigiwa simu na wote wawili.

Basi bahasha iandikwe mambo bila aibu: kazi ni ya saa ngapi, umbali usizidi kilomita ngapi na zaidi ya hapo mafuta ni ya nani, picha ni ngapi, zinakabidhiwa baada ya siku ngapi. Iseme pia picha zitatumika wapi. Picha ya kutundika sebuleni na picha ya kutangazia hoteli si bei moja, hata kama ni faili lilelile. Kama zawadi ni ya matumizi ya nyumbani tu, iandikwe, na mwenye hoteli aongeze pesa akitaka kuitangazia. Majirani nao wakumbukwe: droni ikipanda juu inaona ua wa mtu wa pili, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Baadhi ya wapiga picha hutoa zawadi ndogo wakitegemea mshindi ataagiza albamu na video ndefu kwa kulipia. Si vibaya, mtu anatafuta riziki. Ila asikute mambo hayo siku ya kazi. Mshindi akigundua kwamba alichokinunua ni mlango wa kuingilia dukani, anayelaumiwa ni kanisa au shule iliyoandaa.

Ahadi si hela

Kwenye harambee zetu mkono hunyanyuliwa haraka kuliko pochi. Kwa jogoo haina shida, kwa sababu hatoki mpaka hela ionekane. Bahasha ya huduma ni rahisi kuichukua kwa ahadi, kisha wiki tatu baadaye mtu anampigia mpiga picha kupanga siku wakati mhasibu bado hajapokea hata senti.

Njia rahisi ni mshindi kuondoka na namba ya malipo, na vocha yenyewe kutolewa pesa ikishaingia kwa simu au mkononi. Mpiga picha asipange tarehe na mtu asiye na vocha, hata akiwa shemeji yake.

Vocha iwe na mwisho wake. Miezi sita ni muda wa kutosha, lakini kalenda iangaliwe kwanza. Mnada ukifanyika Februari na vocha ikaisha Mei, karibu muda wote umeliwa na masika, na droni hizi ndogo hazipendi mvua. Kwa picha yenye mlima, saa nayo ni muhimu: Kibo huonekana vizuri alfajiri, na mara nyingi ifikapo saa nne asubuhi umejifunika wingu. Mshindi anayetaka kuja saa nane mchana baada ya kumaliza shughuli zake aelezwe hivyo kabla hajalipa.

Na kama kibali kimekosekana, au mvua imekataa mara mbili? Iandikwe tangu mwanzo nini kitafuata: picha za kawaida za familia zikipigwa kutoka chini kwa thamani ileile, au tarehe nyingine moja. Kurudisha pesa iwe njia ya mwisho, kwa sababu hadi siku hiyo huenda zimeshakuwa mabati.