Kombe la Dunia 2026: Ukikwepa radi, unakutana na ozoni

SHABIKI wa Chelsea aliyezima televisheni mapema usiku wa Juni 28, 2025 alilala akijua timu yake inaongoza bao 1-0 na zimebaki dakika nne tu. Asubuhi akakuta matokeo ni 4-1, kuna kadi nyekundu, kuna penalti ya Angel Di Maria, na mechi ilienda hadi muda wa ziada.

Ilikuwa hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia la Klabu, Chelsea na Benfica, mjini Charlotte, Marekani. Mpira ulianza saa 5:00 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Reece James alishatupia kwa frikiki na Chelsea walikuwa wanahesabu dakika, mwamuzi akawatoa wote uwanjani. Radi ilikuwa jirani.

Wakakaa vyumbani karibu saa mbili. Waliporudi, Benfica wakasawazisha, kisha Chelsea wakapiga tatu kwenye muda wa ziada kupitia kwa Christopher Nkunku, Pedro Neto na Kiernan Dewsbury-Hall. Kuanzia kipenga cha kwanza hadi cha mwisho zilipita saa nne na dakika 38. Huku ilishakaribia saa 10:00 alfajiri, na waliobaki kwenye vibanda umiza ni wale wenye roho ngumu. Kocha Enzo Maresca alishinda lakini alitoka amekasirika, akisema huo si mpira.

Hasira yake inaeleweka. Ila ratiba ya Kombe la Dunia la mataifa, Juni 11 hadi Julai 19, 2026, inaangukia msimu ule ule, na sehemu kubwa ya mechi zitapigwa nchi ile ile.

Dakika 30 zisizoisha

Wengi hudhani mwamuzi anasubiri mvua ikatike. Wala! Mvua haina neno. Utaratibu wa Marekani ni kwamba radi ikipiga ndani ya kilomita 13 hivi kutoka uwanjani, mchezo unasimama, wachezaji wanaingia ndani na mashabiki wanaondolewa kwenye viti vya wazi. Hapo zinahesabiwa dakika 30. Radi nyingine ikipiga dakika ya 29, hesabu inaanza upya. Ndiyo maana kusimama 'kidogo' kunageuka saa mbili.

Benfica walishaonja hilo Orlando dhidi ya Auckland City, walipokaa saa mbili hivi wakati wa mapumziko. Mamelodi Sundowns nao, katika mji huo huo, walianza mechi yao na Ulsan wakiwa wamechelewa zaidi ya saa moja, ingawa wao waliondoka na ushindi wa 1-0.

Anayeona Wamarekani wanadeka akumbuke Peru, Novemba 2024. Mwamuzi alisimamisha mchezo kwa sababu ya hali ya hewa, na wakati wachezaji wanatembea kutoka nje radi ikapiga. Mmoja wao alifariki pale pale uwanjani.

Siku ambayo mbingu ni safi

Basi mtu ataomba jua. Jua nalo lina mambo yake.

Sundowns walipocheza na Borussia Dortmund mjini Cincinnati, saa sita mchana, wachezaji wa akiba wa Dortmund walitazama kipindi cha kwanza wakiwa chumba cha kubadilishia nguo. Benchi lilikuwa halikaliki. Dortmund walishinda 4-3. Enzo Fernandez wa Chelsea baadaye alisimulia kwamba kwenye nusu fainali na Fluminense alipata kizunguzungu, ikabidi alale chini.

Hilo ni joto, ambalo kamera inalionyesha. Lisiloonekana ni ozoni.

Ozoni ya juu kabisa angani ni rafiki, inatukinga na miale ya jua. Hii ya chini ni habari nyingine. Moshi wa magari na viwanda ukipikwa na jua kali, siku isiyo na upepo, unazaa gesi hiyo, na hupanda zaidi mchana hadi jioni. Inachoma njia ya hewa, inaleta kikohozi na kifua kubana, na mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi. Sasa fikiria kiungo anayekimbia dakika 90 huku akihema kwa mdomo: anavuta hewa mara nyingi kuliko shabiki aliyekaa jukwaani.

Wamarekani hutangaza hali hiyo kwa rangi. Kipimo cha hewa kikivuka 100 ni rangi ya chungwa, wenye matatizo ya kifua wapunguze kazi za nje. Kikivuka 150 ni nyekundu, hapo ni kila mtu. Kikipita 200 ni zambarau. Los Angeles, Houston na Dallas wanazijua vizuri siku hizi.

Mechi imewahi kuahirishwa kwa sababu ya hewa. Juni 2023, moshi wa moto wa misitu ya Canada ulipofunika New Jersey, mechi ya ligi ya wanawake kati ya Gotham na Orlando Pride ilisogezwa mbele. Lakini moshi ule kila mtu aliuona. Ozoni haina rangi, na hakuna shabiki atakayeelewa mpira ukisimama huku mbingu ni ya bluu.

FIFA imeweka mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji kila kipindi, kwenye mechi zote, liwe jua au mvua. Ni jambo jema kwa joto. Kwa ozoni, maji hayasaidii kitu. Viwanja vya Atlanta, Dallas na Houston vina paa na viyoyozi, ila timu hazifanyi mazoezi yote chini ya paa.

MetLife, New Jersey, hauna paa. Hapo Senegal watakutana na Ufaransa Juni 16, saa tisa alasiri kwa saa za kule, muda ambao ozoni hupanda na mawingu ya radi huanza kujikusanya. Fainali pia ni hapo, saa hiyo hiyo. Huku itakuwa saa 4:00 usiku, na wenye vibanda umiza wajiandae kukesha.