Ruzuku ya nauli: kweli au si kweli?

"Tanzania hatujawahi kutoa ruzuku ya usafiri."
Si kweli. Mafuta yalipopanda bei mwaka 2022, Serikali ilianza mwezi Juni kutoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Lakini pesa ile ilimfuata kila aliyejaza tangi. Daladala lililoshona abiria lilipata, na gari la mtu mmoja aliyefunga vioo likapata pia.

"Nauli ya mwanafunzi inafidiwa na Serikali."
Si kweli, na hili ndilo linaloniuma. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ikawa shilingi 600. Mwanafunzi akabaki kwenye 200. Ile 400 ya katikati haitoki Hazina. Inatoka kwenye hesabu ambayo dereva na konda lazima wampelekee tajiri mwenye gari jioni. Wanafunzi 15 kwenye gari lililojaa ni shilingi 6,000 zimekwenda, kwa safari moja tu. Ndiyo maana saa 12 asubuhi konda anaziba mlango kwa mkono akiona sare za shule, na mtoto anaachwa kituoni, gari la kwanza, la pili, la tatu. Tunamwita konda katili. Lakini nani kati yetu angekubali kukatwa mshahara kila asubuhi kwa ajili ya watoto wa nchi nzima? Kumfikisha mtoto shuleni ni deni letu sote, na deni la wote hulipwa kwa kodi.

"Mfumo mzuri wa mabasi hujilipa wenyewe."
Ni nadra. Bogotá, Colombia, mji ulioigwa na miji mingi iliyojenga mwendokasi, ulianza mwaka 2000 ukitarajia nauli itoshe kuendesha mabasi. Leo jiji linajazia.

"Basi la bure huondoa foleni."
Si lazima. Tallinn, Estonia, iliwafutia wakazi wake nauli mwaka 2013. Magari hayakutoweka barabarani.

"Ruzuku huliwa njiani."
Kweli, ikitolewa kwa mkupuo. Ilipwe kwa kila mwanafunzi aliyepanda, kwa kadi inayosomwa mlangoni. Mtoto alipe 200 yake, Hazina imalizie. Kabla ya mjadala wa ruzuku nyingine yoyote, Serikali ianze kulipa ile 400.